Bwawa Kubwa Mtoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Kamwene!

Kwa miaka tisa nilikuwa katibu wa jumuiya ya watumia maji kwenye skimu moja ya mpunga wilayani Mbarali. Kazi ilikuwa kufungua na kufunga banio, yaani lango la kuingizia maji ya mto mferejini, kuandika zamu kwenye daftari, na kuamulia watu waliokutana mferejini saa nane za usiku na majembe mkononi, kila mmoja akiapa kwamba saa ile ni yake. Pale nilijifunza jambo ambalo limenifuata hadi leo: anayeshika banio ndiye anayeamua nani atavuna. Bwawa kubwa ni banio la mto mzima.

Tangu niache ukatibu, kila habari ya bwawa inapovuma, iwe Songwe, Ruhudji, Rumakali au Ndembera, watu hunitafuta. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeamua kuyaandika pamoja na majibu yake.

Bwawa likiwa na ukubwa gani ndipo linaitwa kubwa?

Wahandisi wa mabwawa duniani wana kipimo chao: ukuta wenye urefu wa mita 15 au zaidi kwenda juu, kuanzia kwenye msingi. Ukuta wa mita 5 hadi 15 nao huingia kwenye hesabu hiyo iwapo unazuia zaidi ya mita za ujazo milioni 3. Kwa hiyo lambo la kunyweshea ng'ombe kule Usangu halimo. Mtera, Kidatu, Kihansi na Julius Nyerere yote yamo.

Kwa nini kila mradi mkubwa unaitazama mito ya kwetu?

Kwa sababu Mungu alitupa vitu viwili kwa pamoja: mvua na miteremko. Umeme wa maji hauhitaji kingine.

Fuata tone moja la mvua lililoanguka Kipengere au kwenye safu ya Uporoto. Linashuka na mto Mbarali, Kimani au Chimala hadi uwanda wa Usangu. Kama halikuchepushwa kwenye majaruba, linaingia Ihefu, lile eneo oevu linalofyonza maji wakati wa masika na kuyaachia polepole. Linatokea Ng'iriama, linapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha likiitwa sasa Ruaha Mkuu, linafika Mtera na kuzungusha mitambo ya megawati 80, linashuka Kidatu na kuzungusha mingine ya megawati 204, kisha linaungana na Rufiji na kuingia bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Tone moja, kazi mara tatu. Mito ya Njombe kama Ruhudji na Mnyera inapita njia nyingine, kwa bonde la Kilombero, lakini mwisho wake ni Rufiji hiyo hiyo. Na kwa kweli Kilombero ndiyo inayoleta sehemu kubwa zaidi ya maji ya Rufiji kuliko Ruaha yetu.

Mkulima anayefungua banio Igurusi saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye foleni moja na mwenye saluni Dar es Salaam anayewasha mashine ya kukaushia nywele. Hawajuani, na hakuna aliyewahi kuwakutanisha.

Umeme unatokaje kwenye maji? Na ni kweli kwamba Kihansi dogo linalishinda Mtera kubwa?

Ni kweli, na hesabu yake inafaa kila diwani aijue.

Nguvu ya umeme wa maji inatokana na vitu viwili vikizidishwa: kiasi cha maji yanayopita kwa sekunde, na kimo cha kuanguka kwake. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Tani hiyo ikipita kila sekunde na kuanguka mita 100, ambacho ndicho kimo cha Mtera kwa makadirio, haifikishi hata megawati moja. Tani hiyo hiyo ikianguka mita 850 kama ilivyo Kihansi, kwenye mteremko wa Udzungwa mpakani mwa Iringa na Morogoro, inatoa megawati saba na ushee.

Ndiyo maana Kihansi, lililoanza kazi kati ya mwaka 1999 na 2000, lina ukuta wa mita 25 tu na kibwawa unachoweza kukizunguka kwa miguu, lakini mitambo yake mitatu inatoa megawati 180. Mtera likijaa linafunika zaidi ya kilomita za mraba 600, na mitambo yake ni megawati 80.

Usikimbilie kusema Mtera ni hasara. Ukuta wake ulikamilika mwaka 1980, na mitambo ya kuzalishia umeme pale pale ikaja kuzinduliwa baadaye, mwaka 1988. Mtera lilijengwa kwanza kuwa ghala: kuyakamata maji ya masika na kuyagawa kidogo kidogo kwenda Kidatu wakati wa kiangazi. Kihansi halina ghala, mto ukipungua nalo linapungua. Mtu akija kijijini na kusema "tunajenga bwawa la umeme", muulize swali hili la kwanza: ni ghala, au ni mteremko? Ghala linameza ardhi. Mteremko unameza mto. Gharama zake ni tofauti kabisa.

Faida zake hasa ni zipi?

Ni nyingi, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani nazibeza. Wanaokumbuka mgao wa mwaka 2006 wanajua nchi inavyokuwa mabwawa yakishuka. Nilikuwa na mdogo wangu mwenye mashine ya kukoboa pale barabarani. Magunia ya mpunga yalipangwa hadi nje ya banda, wenye mpunga wamelala juu yake wakisubiri umeme urudi, na ukirudi usiku kila mtu anaamka kama ametangaziwa mwezi umeandama. Alipohamia kwenye dizeli, bei ya kukoboa ilipanda na wateja wakapungua. Kwa hiyo mtu asiniambie umeme ni jambo la watu wa mjini.

Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022 na kuwasha mtambo wa kwanza Februari 2024, lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Uwezo wake peke yake unazidi kile ambacho nchi nzima ilikuwa ikitumia kwenye saa za juu kabisa wakati linaanza. Nafuu yake imeonekana.

Umeme wa bwawa pia una tabia nzuri ya kutii. Jioni watu wote wakiwasha taa, milango inafunguliwa na umeme unapanda ndani ya dakika chache. Jua likizama sola imezima, na upepo huvuma unapotaka, lakini maji yaliyotunzwa yanasubiri.

Halafu kuna samaki. Kabla ya bwawa la Mtera, kwenye vijiji vya Migoli na Izazi hapakuwa na uvuvi wa maana. Leo ukitoka Iringa kwenda Dodoma, kabla hujaufikia ukuta wenyewe ambao barabara inapita juu yake, unakutana na harufu ya perege wa kukaanga. Kina mama wanapanga samaki kwenye beseni, wengine wamewaweka juu ya chanja wakauke, na nyuma yao majini imesimama miti mikavu iliyokufa tangu bonde lilipojazwa. Miti hiyo ndiyo hunishika macho kila nikipita. Inakuonyesha mahali palipokuwa nchi kavu.

Kijiji kilicho jirani na bwawa kitapata umeme?

Hakipati kwa sababu tu kiko jirani. Umeme unaotoka mitamboni hupandishwa msongo mkubwa na kusafirishwa mbali, na nyaya za msongo huo haziwezi kuingia nyumbani kwa mtu. Kukishushia kijiji umeme kunahitaji transfoma na njia nyingine, yaani bajeti nyingine. Nimekaa kwenye mikutano ambako wananchi walishangilia nguzo za chuma zikipita juu ya mashamba yao wakiamini taa ziko njiani. Kama mnataka umeme wa kijiji uwe sehemu ya mradi, uandikwe kwenye makubaliano kabla ya greda la kwanza kuingia.

Gharama zinamwangukia nani?

Swali hili ndilo linalonifanya niandike ukurasa huu.

Faida za bwawa hutawanyika. Kila mwenye Luku nchini anapata kidogo. Gharama zake hujikusanya: zinawaangukia watu wa bonde moja, kwa jina, kwa kaya, kwa mti. Ukijumlisha kwenye karatasi moja Dodoma, faida inaweza kuwa kubwa kuliko gharama na bado mama mmoja akawa amepoteza kila kitu. Jumla haimtaji huyo mama.

Tume ya Dunia kuhusu Mabwawa, iliyoongozwa na Kader Asmal wa Afrika Kusini na kutoa ripoti Novemba 2000, ilikadiria kuwa mabwawa makubwa yalikuwa yamewahamisha watu kati ya milioni 40 na milioni 80 duniani. Kariba, kwenye mto Zambezi, liliwahamisha Watonga wapatao 57,000 miaka ya 1950, kutoka ardhi yenye rutuba ya kando ya mto hadi kwenye nyanda kavu. Tume hiyo hiyo iligundua jambo jingine ambalo walipa kodi tunapaswa kulijua: mabwawa iliyoyachunguza yaligharimu kwa wastani asilimia 56 zaidi ya makadirio ya awali. Ukiambiwa bei ya bwawa, ichukue kama bei ya kuanzia.

Fidia inakokotolewaje? Nijiandae vipi?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na kanuni zake za fidia za mwaka 2001 zinataka ulipwe bei ya soko ya ardhi yako na ulichoendeleza juu yake, yaani nyumba na mazao ya kudumu, pamoja na posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na upotevu wa faida. Ardhi ambayo haikaliwi hailipiwi posho ya makazi wala ya usafiri. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inataka malipo yafanyike ndani ya miezi sita, na yakichelewa riba ianze kuhesabiwa. Makaburi nayo yana sheria yake ya kuhamishwa, ya mwaka 1969.

Sasa nikuambie yanavyokuwa chini. Mjomba wangu alipitiwa na mradi mmoja mkubwa, si wa bwawa, na sina haja ya kuutaja. Wathamini walikuja asubuhi moja na kopo la rangi nyekundu. Walihesabu miembe kumi na minne, parachichi sita, nyumba ya tofali za kuchoma na choo. Wakaweka alama ya X ukutani. Kuanzia siku ile akaambiwa asiendeleze chochote. Miaka ikapita. Paa likaanza kuvuja upande wa jikoni, na shangazi akawa anauliza kila mvua ikinyesha, "Baba Neema, tuezeke au tusiezeke?" Hawakuezeka. Fidia ilipokuja, bei ya bati ilikuwa imepanda na kiwanja cha kuhamia kilikuwa kimepanda zaidi. Kisheria mjomba alilipwa. Mimi nilimwona akizeeka akisubiri ruhusa ya kuziba paa lake mwenyewe.

Kwa hiyo: siku ya uthamini uwepo mwenyewe, na mwenzi wako awepo. Piga picha kila mti na kila chumba. Usisaini fomu ambayo haijajazwa. Dai nakala. Andika tarehe ya kuidhinishwa kwa uthamini, kwa sababu miezi sita na riba vyote vinategemea tarehe hiyo. Na vile vinyungu vya bondeni unakolima mboga wakati wa kiangazi, vitaje kwa sauti. Wathamini wakija wakati wa masika watakuta maji yametanda na watadhani ni pori.

Mto ulio chini ya ukuta unakuwaje?

Hapa turudi Kihansi, kwa kuwa ni darasa ambalo dunia nzima imelisoma kutoka kwetu.

Maporomoko ya Kihansi yalikuwa yakirusha ukungu usiokoma, na ukungu ule ulilowesha vipande vya ardhi vyenye ukubwa wa viwanja vichache vya mpira. Humo waliishi vyura wadogo wa manjano, urefu wa sentimita mbili hivi, wasiotaga mayai bali wanaozaa vyura wachanga waliokamilika. Waligunduliwa mwaka 1996, ujenzi ukiwa tayari unaendelea. Hawajawahi kupatikana mahali pengine popote duniani. Maji yalipochepushwa kwenda mitamboni, sehemu kubwa ya mtiririko ikaondoka korongoni na ukungu ukakatika. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama, na huku nyuma yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji kuiga ukungu. Mwaka 2003 waliobaki wakaporomoka ghafla, ugonjwa wa kuvu ukiwa miongoni mwa sababu zinazotajwa. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Baadaye wazao wa wale waliopelekwa ng'ambo wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarejesha korongoni ikaanza.

Kuna waliocheka kwamba nchi inasumbuka na vyura. Mimi sicheki. Vyura wale waliishi kwa kutegemea kitu ambacho hakuna mhandisi aliyekiweka kwenye hesabu: ukungu. Kila mto una kitu cha namna hiyo, na mara nyingi anayekitegemea ni binadamu. Mafuriko madogo ya kila mwaka yanayoacha tope la rutuba kwenye shamba la mtu ni ukungu wa mtu huyo. Samaki wanaopanda juu kuzaa ni ukungu wa mvuvi. Kule delta ya Rufiji, mikoko inasimama juu ya tope lililobebwa na mto kutoka milima yetu, na ukuta wa bwawa hulizuia tope hilo.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inautambua mto wenyewe kuwa mtumiaji wa maji: kuna akiba ambayo lazima ibaki mtoni kwa ajili ya mahitaji ya msingi ya watu na uhai wa viumbe. Uliza akiba hiyo ni lita ngapi kwa sekunde katika mwezi wa Oktoba. Wakikupa wastani wa mwaka, uliza tena Oktoba.

Ni kweli wakulima wa mpunga wa Mbarali ndio waliolikausha bwawa la Mtera?

Mimi ni Msangu wa mferejini, kwa hiyo nisome ukijua hivyo. Nitasema ninachokijua.

Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, wiki kadhaa kwa kuanzia, miaka mingine miezi. Viboko wanabanana kwenye madimbwi ya mwisho hadi unaona migongo tu. Na ndiyo, mifereji yetu ina sehemu yake katika hilo. Tulikuwa tukiacha mabanio wazi hata baada ya kuvuna, maji yakitapakaa kwenye mashamba matupu, kwa sababu kufunga banio kulihitaji mtu wa kwenda kulifunga. Nimeona hayo kwa macho yangu na nimeyaandika kwenye daftari la zamu.

Lakini kukauka kwa mto hifadhini na kushuka kwa Mtera ni mambo mawili. Mtera linajazwa na maji ya masika. Maji ya Septemba tunayogombania sisi mferejini ni kidogo mno kulijaza ziwa la ukubwa ule. Wataalamu wa maji waliochambua miaka ya mwanzo ya 1990 walionyesha kwamba namna Mtera na Kidatu yalivyoendeshwa, maji yakifunguliwa juu wakati kule chini yapo ya kutosha, ilikuwa sababu kubwa ya ghala kubaki tupu. Pia kuna jua. Mtera liko kwenye ukanda mkavu na wa joto. Kila mita moja ya kina inayopanda angani kama mvuke kutoka kilomita za mraba 600 ni mita za ujazo milioni 600, na hakuna mkulima aliyeigusa.

Pamoja na hayo, waliobeba lawama walikuwa watu wa juu ya mto. Mwaka 2006 hadi 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na Ihefu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 lililokuwa Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Kulinda Ihefu nakubaliana nako kwa moyo wote. Ninachokilalamikia ni kwamba daftari la Mtera, la maji yaliyofunguliwa lini na kwa nini, halikuwahi kuletwa kwenye mkutano wa kijiji chochote ninachokijua, ilhali daftari letu la zamu lilikaguliwa na kila mgeni aliyefika na gari.

Bwawa huzuia mafuriko?

Linaweza, likiwa na nafasi. Bwawa lililoachwa na nafasi kabla ya masika hulimeza furiko. Bwawa lililojaa pomoni linapitisha kila kinachoingia. Na hapo kuna mvutano usiokwisha: mwendesha mitambo anataka limejaa, mtu wa mafuriko anataka liwe na nafasi. Mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024 yaliamsha ubishi huo. Wananchi wengi walisema maji yalifunguliwa bwawani, serikali ikaeleza kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Kitu ambacho kingepunguza maumivu bila kumaliza ubishi ni taarifa ya mapema: simu, king'ora, mtu wa kupita na kipaza sauti siku mbili kabla.

Na Songwe?

Songwe ni habari ya peke yake. Mto ule ni mpaka wetu na Malawi, na kule chini kwenye tambarare ya Kyela na Karonga una tabia ya kuhama. Ukihama, shamba la mpunga lililolala Tanzania linaamka ng'ambo. Ndiyo maana mpango wa nchi hizi mbili, uliowekewa mkataba mwaka 2017, unataka mabwawa matatu kwenye mto huo: kutuliza mto, kumwagilia mashamba ya pande zote mbili, na kuzalisha umeme, bwawa la chini likiwa na megawati 180 hivi za kugawana.

Kwa maoni yangu huu ni kati ya miradi yenye hoja nzuri, kwa kuwa anayefurika ndiye atakayelindwa, na anayelindwa ndiye atakayemwagiliwa. Ila watu wa Ileje na Mbozi walio juu, ambao bonde lao ndilo litakalozama, wana haki ya kuuliza wao wamewekewa nini.

Magonjwa je?

Maji yaliyosimama huleta konokono wa kichocho kwenye kingo zenye majani, na mbu wa malaria. Volta kule Ghana, baada ya bwawa la Akosombo kukamilika mwaka 1965, kichocho kiliongezeka sana. Dai zahanati yenye dawa za kichocho na vyoo vya kambi za wavuvi viwemo kwenye mradi. Vyoo hasa.

Bwawa hudumu miaka mingapi?

Zege linaweza kupita miaka mia moja. Kinacholiua bwawa mapema ni tope. Kila mvua inayochuruzika kwenye shamba lisilo na makinga maji inabeba udongo hadi nyuma ya ukuta, na ukishafika pale haurudi. Kwa hiyo maisha ya bwawa yanaamuliwa kilomita mia mbili juu yake, na mtu anayelima kilima kwa matuta yanayoteremka badala ya yanayokata mteremko.

Ningependa sehemu ya mapato ya umeme irudi hapo: kwa kijiji cha Makete kinachotunza chanzo, kwa kikundi cha Mufindi kinachong'oa mikaratusi kandokando ya kijito na kupanda miti ya asili. Kwa sasa mtu huyu anaambiwa asilime ndani ya mita 60 za chanzo, na kinyungu chake cha bondeni ndicho kilichokuwa kinamsomesha mtoto. Anatii. Akishatii, hakuna anayerudi kumwambia hata ahsante.

Ukuta ukibomoka?

Ni nadra, lakini ukibomoka ni balaa. Septemba 2023 mabwawa mawili juu ya mji wa Derna, Libya, yalibomoka usiku wa dhoruba na kuua maelfu. Kuta hizo hazikuwa zimetunzwa ipasavyo. Nyingi za kuta za udongo hufa kwa njia mbili: maji kupita juu yake kwa sababu utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, ni mdogo au umeziba, au maji kupenya ndani na kuutoboa ukuta taratibu. Mkiona maji yenye tope yakichuruzika upande wa nje wa ukuta, hata kama ni ya lambo la kijiji, msisubiri kesho kutoa taarifa.

Umeme wa maji hauchafui hewa, sivyo?

Unachafua kidogo mno ukilinganisha na makaa ya mawe, kwa mabwawa mengi. Lakini msitu ukizamishwa bila kufyekwa, unaozea chini ya maji na kutoa gesi ya methani, hasa kwenye maji ya joto na kina kifupi. Mabwawa ya miteremko mirefu kama Kihansi, Ruhudji na Rumakali yana nafuu kubwa hapo, kwa kuwa yanazamisha ardhi ndogo kwa umeme mwingi.

Kuna njia nyingine?

Zipo. Pale Mufindi, mradi wa Mwenga wa megawati 4 unatumia mto bila kuweka ziwa, na umewasha vijiji vinavyouzunguka. Utafiti wa jotoardhi, yaani umeme wa joto la chini ya ardhi, umekuwa ukifanyika Ngozi na Kiejo-Mbaka. Lakini Mwenga hamsini ndizo zingefikia Kidatu moja, na sitaki kudanganya kwamba viwanda vya nchi vitaendeshwa na vijito pekee. Bwawa kubwa lina mahali pake. Mimi napendelea la mteremko kuliko la ghala, na kama ni lazima liwe ghala, liwe mahali pa baridi na korongo jembamba, si kwenye uwanda wa jua.

Nikitaka kujua maji ya mto wetu yamegawiwa nani, niende wapi?

Nenda ofisi ya bodi ya maji ya bonde lako. Bonde la Rufiji liko Iringa mjini, na linahusu Mbarali, Mufindi, Kilolo na sehemu kubwa ya Njombe. Bonde la Ziwa Nyasa liko Tukuyu, ndilo lenye Songwe, Kiwira na Rumakali. Bonde la Ziwa Rukwa liko Mbeya mjini. Usiende peke yako kwa mdomo. Serikali ya kijiji iandike barua yenye muhuri na nambari ya muhtasari wa mkutano, ikitaja jina la mto, na iombe orodha ya vibali vya kutumia maji vilivyotolewa kwenye mto huo: nani, lita ngapi kwa sekunde, miezi ipi. Tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo ni lazima kwa bwawa kubwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 2004, iombwe NEMC, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, kwa barua ya aina hiyo hiyo.

Barua zipelekwe Agosti au Septemba, mto ukiwa chini. Nendeni na kijana mwenye simu ya picha, apige daraja au jiwe mnalolitumia kupimia maji, na tarehe ionekane. Sisi jiwe letu lilikuwa na alama tatu za patasi. Alama ya kati ikionekana, tulikuwa tunajua kwamba wa mwisho mferejini hatapata zamu yake.